Chupa ya Bluu

Harufu ya tangawizi inayotwangwa hunikasirisha hadi leo, ingawa tangawizi yenyewe haina kosa. Hunirudisha jikoni kwa baba mkubwa, mjini Iringa, kipupwe kile nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nikikaa kwake ili nisome. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni ukatulia juu ya mabati, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwasha jiko la mkaa na kujaza chupa mbili za chai. Nyekundu ilikuwa ya chai ya maziwa, bluu ya chai ya rangi. Nyekundu ilikwenda sebuleni, kwa wale ambao mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, aliwaita wageni. Bluu ilibaki jikoni: yangu, ya fundi, ya muuza mkaa, na ya ndugu yeyote aliyetoka kijijini.

Wengi hudhani chai ya rangi ni chai iliyopungukiwa. Mama yangu, aliyechuma chai katika mashamba ya Mufindi hadi vidole vikabadilika rangi, alinifundisha kinyume chake. Tangawizi hutwangwa, haikatwi, nayo hutangulia majini. Maji yakishatokota hasa, hutiwa majani kiasi cha kushikwa na vidole vitatu, kisha sufuria huondolewa motoni papo hapo, ikafunikwa, ikaachwa itulie. Anayeyachemsha majani hupata uchungu na kuusingizia mmea. Mwisho wake ni kumimina katika glasi na kuiinua mwangani: ikiwa na rangi ya asali, umepika, ikiwa na rangi ya matope, mwaga uanze upya. Maziwa humfichia mpishi makosa yake. Chai ya rangi haimfichii mtu kitu.

Jumamosi moja mama alikuja kunitazama. Alipanda basi kwetu Nyololo, Mufindi, alfajiri, na kwa kuwa aliamini kwamba mkono mtupu haulambwi, alibeba dumu la maziwa ya ng'ombe wetu mmoja. Siku ile, nilijua bila kuambiwa, wadogo zangu walikunywa uji mtupu. Mama mkubwa alilipokea dumu kwa mikono miwili. "Karibu, mama Tumaini. Umetuletea neema." Kisha akamwonyesha kigoda kando ya mlango wa jikoni, kwa sababu sebuleni walikuwa wanatarajiwa wake wawili wa wakubwa wa ofisini kwa baba mkubwa. Niliyachemsha maziwa yale mwenyewe, nikajaza chupa nyekundu, kisha nikapika ya bluu. Mama mkubwa alipokuja kuchukua vikombe nikamnong'oneza: mama nimmiminie ipi?

"Mama yako ni wa nyumbani, si mgeni," alisema bila kugeuka. "Mpe ya rangi."

Wageni walipofika nilipeleka chai sebuleni, nikarudi jikoni na chupa nyekundu, nikaiweka kando ya ile ya bluu. Mlango ulikuwa wazi. "Shoga, maziwa gani haya?" mmoja alicheka. "Ng'ombe wako anakula keki?" Mama mkubwa naye akacheka. "Nina mtu wangu wa maziwa. Huniletea kutoka Mufindi."

Mama alisikia. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika chupa nyekundu, na hapakuwa na wa kuniona isipokuwa yeye. Nilifikiri juu ya shule, juu ya godoro nililolalia, juu ya jinsi ilivyokuwa rahisi kwa mama mkubwa kunirudisha Nyololo kwa basi lile lile. Nikamimina ya bluu. Mama akaiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda. "Hukuyachemsha majani," akasema. "Umepika, mwanangu." Akainywa yote. Nilitaka akasirike, hakukasirika, na hasira yake nimeibeba mimi pamoja na yangu. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba ile mwenyeji alipona, mgeni akapewa kigoda.

Sasa ninafundisha chuoni Mbeya, na mama amekwisha kufariki. Nyumbani kwangu kuna chupa moja tu, na kila aingiaye hunywa humo. Mwaka jana mama mkubwa alikuja Mbeya kutibiwa, akakaa kwangu juma zima. Alikuwa amezeeka, mpole, mwepesi wa kushukuru. Nami nilimtunza kama inavyopasa, lakini mwenye kovu usidhani kapoa.

"Siku hizi mimi ni ya rangi tu, maziwa daktari kanikataza," alisema, akiionja chai yangu. "Hii umeipika hasa. Nani alikufundisha?"

"Mtu wako wa maziwa."

Akanitazama bila kuelewa, na nikaona kwamba hakuwa akijifanya. Neno lile lilikuwa limemtoka akilini siku ile ile alipolisema. Nikalitaja jina la mama.

"Aa, mama Tumaini," akasema, uso ukimchangamka. "Yule alikuwa wa nyumbani." Akanisogezea glasi nimwongeze.

Nikaijaza hadi ukingoni. Kwangu yeye ni mgeni.