Mpira Alioupokonya Gratien

Kila asubuhi, kabla ya chai, Gratien huviringisha soksi zake za jana kuwa donge moja na kulirusha ndani ya beseni la kufulia lililo karibu na mlango wa uani. Likiingia, anakunywa chai. Lisipoingia, anainama kwa taabu, magoti yakilia, analiokota na kurudi alipokuwa. Mkewe Joselyne huuliza kutoka jikoni, "Leo umerusha mara ngapi?" Naye hujibu, "Mara moja," hata ikiwa ni mara tatu.

Ana miaka arobaini na sita na urefu unaokaribia mita mbili. Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, akajifunza mpira wa kikapu kwenye rimu ya baiskeli iliyopigiliwa misumari ukutani mwa gereji ya jirani. Alikuwa na miaka kumi na saba wazazi wake waliporudi kwao Kigali. Kocha wa klabu moja alimkuta soko la Kimironko akishusha magunia ya viazi kutoka juu kabisa ya lori, miguu ikiwa chini. Hakumwuliza jina, alimwuliza saizi ya viatu.

Alicheza misimu kumi na minne na kuchukua vikombe vitatu. Hakuwa mfungaji mkubwa. Kazi yake ilikuwa kupokonya, na aliipenda kuliko kufunga. Goti la kushoto ndilo lililomstaafisha. Siku hizi anasimamia ghala la vigae Masoro, na vijana wa pale humwita Ngazi.

Kikombe cha tatu ndicho kilicholeta maneno. Zilibaki sekunde nne, wapinzani wakiongoza kwa pointi moja, mpira ukiwa mikononi mwa nahodha wao, Rugamba. Gratien akaupokonya, akakimbia, akafunga. Rugamba alidai faulo, kwamba ameguswa mkono, mpaka sauti ikamkauka, lakini refa hakuona kitu. Kwa miaka kumi na mitano kila aliyemwuliza Gratien alipata jibu lile lile: "Niligusa mpira tu."

Mwaka huu Ganza, mtoto wa dada yake, akachumbia msichana wa Kagarama aitwaye Shallon. Baba mdogo wa Shallon ni Rugamba.

"Mjomba, wewe ndiye utakayetusemea siku ya kuomba mke," Ganza akasema.

"Mimi najua kukimbia. Kusema sijui."

"Basi kimbia na maneno."

"Utabaki kapera, mtoto wangu."

Siku ya kuomba, upande wa msichana humtafutia msemaji wa wageni makosa kwa utani, naye hujitetea. Wasiporidhika, kinywaji hakifunguliwi. Mwisho wake unajulikana, lakini msemaji akishindwa kujibu, ukoo mzima huchekwa miaka na miaka. Gratien hakulala vizuri wiki nzima.

Jumamosi hema lilijaa. Upande wa pili aliyesimama kusema alikuwa Rugamba mwenyewe. Alikulia Karagwe, na baada ya salamu akaacha Kinyarwanda, akaingia kwenye Kiswahili walichokuwa wakitupiana uwanjani.

"Kabla ya habari ya binti, tuna mali yetu iliyopotea. Mpira mmoja. Ulipotea zikiwa zimebaki sekunde nne. Mwizi tunamwona, kwa urefu ule atajificha wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Gratien akasimama, na ajabu ni kwamba ulimi wake ulikuwa mwepesi.

"Mzee, ule mpira ulikuwa umechoka kukaa kwako. Mimi niliupa lifti tu."

"Lifti ya wapi?"

"Ya kikapuni. Uliomba kupelekwa huko tangu robo ya kwanza, wewe ukawa unaupitisha pembeni."

Hata akina mama wa upande wa Rugamba walipiga makofi.

"Na mkono wangu je? Nao uliomba lifti?"

"Tuongeze ng'ombe mmoja, mzee. Awe wa mkono."

"Sitaki ng'ombe." Rugamba alikuwa bado anatabasamu, lakini midomo tu. "Binti yetu haendi kwa watu wanaopokonya kisha wakakana. Kreti za vinywaji zisiguswe."

Vicheko vikapungua. Ganza akajifuta jasho. Gratien akaelewa kwamba utani umeisha. Angeweza kurudia jibu lake la siku zote, na Shallon angetolewa tu kabla jua halijazama. Lakini kila ubatizo na kila msiba ujao, mtu huyu angekuwa amekaa mbele yake na mkono ule.

Ndipo Pudentienne, mama mzazi wa Rugamba, akainua kiganja kutoka kiti cha mbele.

"Siku ile nilikuwa uwanjani," akasema. "Mwanangu alikaa siku mbili bila kula. Nakuuliza jambo moja, kisha nitakunywa fanta yangu. Ulimgusa mkono?"

Gratien alimtazama Rugamba, kisha akamgeukia yule mama.

"Nilimgusa, mama. Mkono wa kulia."