Wimbo wa Arusi Iliyovunjika

Sifa njema zote ni za Mola, aliyempa mja ulimi, akawapa wenzake masikio ya kumvumilia.

Msomaji wangu, mwaka mmoja kabla ya maradhi kufunga milango ya dunia, mjukuu wangu aliendesha gari kutoka Houston hadi kwetu Richardson, akaketi jikoni asile. Kazi yake ni kuandika maneno ya nyimbo za michezo ya jukwaani, ile ambayo wahusika husema kisha huimba.

"Bibi, wameu-cut wimbo wangu. Ule mzuri kuliko zote. Wanasema ukiimbwa, hadithi inasimama."

"Wameuchukia?"

"Hapana. Walilia, halafu wakautoa."

"Walilia, kisha wakauzika? Watu gani hao!"

Alicheka kidogo, machozi yakamtoka. "Wanataka mwingine mahali pale pale. Sina, Bibi. Nita-quit."

Nikamkumbuka bibi yangu mimi, kule Tanga, aliyetungia mtaa mzima nyimbo za arusi. Jiko lake lilinuka moshi wa kuni na jira. Alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, sisi wasichana tukitwanga, naye akipanga maneno kwa mdundo wa mchi. Neno lisiloingia katika mdundo alilitupa, hata liwe tamu namna gani.

Kila bibi arusi alikuwa na wimbo wake. Uliimbwa siku ya kumtoa, basi; aliyeurudia kesho yake kisimani alipigwa kofi la mgongo. "Wimbo una mwenyewe," alisema.

Safari moja arusi ilivunjika, pilau imekwisha kupakuliwa. Wimbo wa bibi arusi yule tulikwisha kuukariri, na sijapata kusikia mzuri kama ule. Jirani aliyekuwa akimwoza binti yake juma lililofuata akaja mbio: "Shoga, si ubadilishe jina tu?" Bibi akakataa. Akavuta mbuzi, akaanza upya. Mimi nililia, nikamuuliza kama haoni uchungu. Akasema, "Naona. Lakini aliyenipa ule hajafilisika."

Nilimsimulia mjukuu wangu hayo, wala sikuongeza nasaha. Kisha akavuta sahani, akala wali uliopoa, akaanza kugonga meza kwa vidole.

Hakuacha kazi. Nilikwenda Houston kuusikia huo wimbo mpya: mfupi, wa mama anayefunga sanduku la mwanawe. Kiingereza chake kilinipita mbio, lakini nilimwona mzee wa kiti cha mbele akivua miwani. Majuma machache baadaye jumba la michezo likafungwa kwa maradhi yale, na mchezo ule haukurudi tena.

Jiko la Tanga nalo halipo, pamejengwa maduka. Wenzangu wa kinu wengi wametangulia. Katika nyimbo zote za bibi yangu, sikumbuki hata ubeti mmoja kamili. Zilitolewa kwa watu, zikaenda nao. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwapo zilipokuwa zikitungwa.

Nawe uliyenisikiliza, Mola akubariki katika kazi ya mikono yako, na hata ile isiyobaki aipokee kwake. Amin.