Lita Ishirini za Okidi

Okidi wa Kyebando, mtoto wa askari, alijaza ndege ndogo mafuta miaka kumi na minne katika uwanja mmoja nje ya Kampala. Kila ndege aliichongea fimbo yake ya kupimia tangi, akaitia alama kwa kisu, maana mshale wa mafuta ukizeeka hudanganya mchana kweupe. Marubani waliziamini fimbo zake kuliko saa zao.

Lakini ukitaka kumwona amenuna, mtajie Obura. Obura alikuja pale kuosha ndege, hana hata viatu vya maana, na Okidi ndiye aliyemshika mkono. Alimfundisha kutumbukiza fimbo na kusoma alama, akampa na sheria moja: rubani asipande kabla hajamwuliza mpimaji ni lita ngapi. Mwenye ndege akampenda Obura, akampeleka shule ya urubani. Okidi hakupelekwa popote. Shukrani ya punda ni mateke, alijisemea, ingawa Obura hakumpiga teke lolote. Kila Krismasi alimletea sukari. Sukari yenyewe ilimkwama Okidi kooni.

Kilichommaliza ni kalenda ya kampuni. Mkewe, Acan, aliitundika sebuleni: Obura na shati jeupe, ameegemea bawa, anacheka. Pembeni kilionekana kiwiko cha Okidi. Acan alisema picha imetoka vizuri. Mwaka mzima Okidi alikula chakula chake akikitazama kile kiwiko.

Asubuhi moja Obura alitumwa kumchukua mwenye ndege, safari ya dakika arobaini kando ya ziwa, na uwanja mzima ulijua. Okidi alikwisha kupima: lita ishirini, nusu saa tu ya kuruka. Mshale ulikuwa umekwama kwenye nusu tangi. Desturi ya pale, mpimaji hajazi mpaka rubani aseme kiasi. Obura alifika mbio, amechelewa.

"Okidi, omera, umepima?"

"Nimepima."

Omera ni ndugu kwa Kiacholi. Obura akapanda, akafunga mlango, wala hakuuliza ni ngapi. Okidi alisimama na fimbo mkononi, kijicho kikamwambia: mwache, atakumbuka akifika mwisho wa barabara ya kurukia, atarudi kukuomba mbele za watu. Alitamani sana kumwona akirudi. Ndege ikapaa. Chumba cha redio kilikuwa hatua hamsini. Okidi alipiga kumi, akasimama. Angewaambia nini?

Injini ilizima baada ya dakika ishirini na tano. Ndege iliangukia kwenye mafunjo, wavuvi wakamtoa Obura mguu umevunjika mara mbili.

Hospitalini, mchunguzi wa ajali alimgeukia Okidi, akataka kujua kwa nini hakusema mafuta ni machache. Obura akamjibia.

"Kosa ni yangu. Mimi sikuuliza. Huyu ndiyo alinifundisha kazi. Alifikiri najaribu injini tu. Kama alijua naenda mbali, angelala mbele ya gurudumu."

Hata hapo Okidi alimwonea wivu, mtu aliyelazwa na plasta mpaka kiunoni. Safari hii hakuonea wivu shati wala bawa, ila moyo ule ulioweza kusema vile na kuamini. Mchunguzi aliandika, kisha akamwuliza Okidi kama ndivyo ilivyokuwa. Njia ya kutokea ilikuwa wazi, na Obura ndiye aliyeifungua.

"Nilijua anaenda mbali," Okidi alisema. "Nilimwacha."

Obura akageuzia uso wake ukutani.