Jiko Lisilo na Mwenyewe

Jumatatu nilipopigiwa simu kwamba msanifu majengo wetu wa Azaiba, hapa Maskati, ametangulia mbele ya haki, nililia kama wenzangu, kisha, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikashikwa na kicheko mpaka mwanangu akaja mbio na glasi ya maji. Waliomjua watanielewa. Marehemu alifanya kazi miaka mingi Marekani, kwenye vile viunga ambavyo kila nyumba imekaa peke yake katikati ya majani, na hununui hata mkate bila ya kuwasha gari. Kazi yake ilikuwa kuvifufua: panapokaa familia moja azikalishe nne, kila moja na vyumba vyake, lakini ua mmoja na jiko moja kubwa la shirika. Aliporudi Maskati akaona Azaiba nayo inaumwa maradhi yale yale.

Alianza na jirani yake, mjane wa Kizanzibari aliyebaki peke yake katika vyumba kumi. Wanawe walishaamua kuiuza nyumba na kumhamishia kwenye fleti, naye hataki hata kusikia. Marehemu akawaomba wampe alasiri moja tu. Akachora ramani nzima uani kwa chokaa, kwa vipimo vyake halisi, akatualika sisi majirani tuipite kama tumeshahamia. Tulipofika jikoni tukasimama. Watu wazima kumi na mbili, sahani za sambusa mikononi, tumejipanga nyuma ya mstari wa chokaa tunapiga hodi!

"Piteni basi, jiko lenu nyote!" marehemu akapiga kelele.

"La sote ndo la nani?" mjane akamjibu. "Mie nnapiga hodi tangu saa ile, hapana aliyenambia karibu. Sikulelewa kuingia jikoni kwa watu hivi hivi."

"Wamarekani nilipowachorea hivi waliingia moja kwa moja, wakafungua friji!"

"Hao hawakufunzwa, mwanangu."

Nilidhani marehemu ataona haya mbele ya wale wana wa mjane waliokuwa wakitukodolea macho. Wapi! Alikaa chini palepale akacheka mpaka buibui lote likajaa chokaa, kisha akatoa kalamu akaandika: kila siku nyumba moja iwe mwenyeji wa jiko, iwakaribishe wenziwe. "Leo zamu yako, mama." Mjane akatengeneza mtandio, akavuka mstari, akatugeukia: "Karibuni, karibuni!" Tukamiminika. Wana hawakuitaja tena fleti.

Nyumba zilijengwa, na kwenye matanga ya marehemu nilimkuta mjane yumo mle jikoni, anagombana na majirani watatu juu ya chumvi ya pilau, nami nikafurahi kupita kiasi. Wataalamu wengi, watu wakikwama kwenye ramani zao, huwalaumu watu. Yeye aliisahihisha ramani, tena huku anacheka.