Jaribio Lililongoja Idi

Fundi alipogundua kwamba chujio la maji la mtaa wetu linavuja, mama alikuwa amezikwa jana yake. Alianza kuharisha siku za mwisho za Ramadhani, akafariki hospitalini Msambweni wiki ya Idi.

Tulifungiwa chujio lile kwa sababu visima vyetu, huku karibu na Ramisi, si vya kuaminika. Ndani ya bomba lake mna nyuzi nyembamba kama tambi, zenye uwazi katikati. Maji hupenya kwenye kuta zake, vijidudu vikabaki nje. Uzi mmoja ukikatika, uchafu hupita, na kwa macho hutambui kitu. Ndiyo maana kila Alhamisi alasiri mjomba, mdogo wake mama, alifunga maji, akajaza upepo kwa pampu ya mkono, akaitazama saa ya presha. Mshale ukitulia, chujio ni zima. Ukishuka, pana tundu.

Ramadhani ilipoingia, wanawake walilalamika kwamba alasiri ndiyo saa ya kupika futari. Asubuhi mjomba alikuwa kwenye kibarua cha miwa. Mama ndiye aliyesema naye, mbele ya foleni ya madumu.

"Ukifunga maji saa hii, mdogo wangu, mihogo niichemshe kwa mate yako?"

Watu walicheka. Mjomba naye alicheka, akakubali jaribio lingoje Idi.

Siku ya pili ya mazishi, fundi aliyetoka Ukunda alijaza upepo, na mshale ukashuka tukiutazama. Alilifungua bomba, akamwagia maji ncha za nyuzi, akasukuma upepo tena. Mapovu yalitoka mahali pamoja tu. Akauziba uzi ule kwa kipini chembamba, akajaribu upya. Mshale ulitulia.

Mjomba hakuutazama. Alimwuliza fundi kama uzi ulikuwa umekatika tangu Ramadhani.

"Mzee, jaribio linaniambia chujio linavuja leo. Lilianza lini, haliwezi kuniambia."

Nilipita nyumba za jirani nikiuliza. Wengi walikunywa maji yale yale mwezi mzima wasiumwe. Jirani mmoja alikumbuka kwamba mama alichota maji kisimani kwake, siku moja ya Ramadhani bomba la mtaa lilipokauka. Nilimpelekea mjomba habari hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mama aliyanywa au aliyafulia.

Jirani hajui.