Ukuta Wangu na Vyama vya Nilamani

"Mama Kuni, hivi mdogo wako yuko chama gani siku hizi?" jirani yangu Sukanti aliniuliza bombani. "Nisije nikamsifia cha zamani."

Mdogo wangu Nilamani ameingia bunge la jimbo letu la Odisha, huku India, mara tatu, kwa vyama vitatu, na kila uchaguzi vijana wake huchora alama ya chama kwenye ukuta wangu wa barabarani. Ilianza baiskeli, ikaja taa, kisha jembe. Kila alipohama nilipaka chokaa mwenyewe, huku nikimwomba Bwana Jagannath anipe subira.

Mwaka huu vyama vyote vimemkataa, anagombea bila chama, kwa alama aliyopewa na tume. Nami nimeshapaka chokaa kwa ajili ya harusi ya binti yangu. Jumatatu mchoraji anakuja kuandika ukutani majina ya maharusi, kama ilivyo desturi yetu.

Jana Nilamani alikuja, akanigusa miguu kwa heshima, akautazama ukuta.

"Hapana, Nila," nikamwahi. "Wageni watadhani Kuni anaolewa na alama yako."

Akacheka, akaketi.

"Dada," akasema, "niachie nusu tu, upande wa kituo cha basi. Safari hii alama yangu ni ndoo, kama hiyo yako ya chokaa."