Noti Iliyokufa Bukavu

Safari ile ya Bukavu ilitugharimu dola mbili zaidi ya nauli. Nimezipigia hesabu tena leo, baada ya kunusa noti iliyofungwa pamoja na sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani.

Noti ya dola kumi ya papa, baba yangu, ilinuka hivyo hivyo siku ile. Alitupa mimi na mama asubuhi, akasema: nauli ya kurudi Kamanyola ni nane kwa watu wawili, mbili mnirudishie.

Wakati wa kurudi, konvuayeri, mkusanya nauli wa gari, aliiinua juani, akaona mpasuko mdogo kama punje ya mchele.

"Maman, hii imekufa."

"Imekufa wapi?" mama akauliza. "Ao unataka niizike?"

"Uipeleke kwa kambiste, akubadilishie."

Gari lile lilikuwa la mwisho, na zilibaki nafasi mbili tu. Mama akanikalisha kwenye moja, akaweka kikapu kwenye nyingine, akakimbia. Shofere akawasha moteri.

"Ushuke, mutoto. Maman yako hatarudia."

"Nikishuka, utaenda na nafasi mbili bure," nikamwambia, nimekumbatia kikapu. "Papa shofere, hapa parkingi hakuna mutu mwingine. Ungoje."

Abiria wakacheka. Shofere hakucheka. Gari likaanza kusogea polepole, nami nikabana mkojo.

Ndipo kiganja cha mama kilipopiga bati la gari. Alikuwa na faranga zenye thamani ya dola nane, kamili. Zile mbili za papa kambiste alikuwa amezikata.

Tulipotoka mjini, mama aligeukia upande wangu. Kisha akaniinamia sikioni.

"Wewe mwenye kujua kubishana na watu wazima, unishauri: papa yako tutamwambia nini?"